Roberts: Kutoka sabu wa kukimbia hadi kocha wa mataji matatu

UKIWAULIZA mashabiki wa besiboli nchini Marekani kuhusu ubora wa Dave Roberts, wengi watakujibu kwa swali: hivi hata wewe ukipewa kikosi kile cha Los Angeles Dodgers, utashindwa kubeba kombe?

Ni swali lile lile ambalo Pep Guardiola amerushiwa kwa miaka mingi. Mkwanja upo, mastaa wapo, sasa kocha anafanya nini pale zaidi ya kupiga makofi?

Novemba Mosi, 2025, Roberts aliiongoza Dodgers kuichapa Toronto Blue Jays pointi 5-4 katika mechi ya saba na ya mwisho ya World Series, ambayo ndiyo fainali ya besiboli ya Marekani na Kanada. Lilikuwa taji lake la tatu baada ya yale ya 2020 na 2024. Hakuna timu iliyokuwa imebeba ubingwa huo mara mbili mfululizo tangu New York Yankees walipobeba matatu kuanzia 1998 hadi 2000.

Msimu huu wa 2026 Dodgers wanasaka la tatu mfululizo, na kelele zimezidi. Wapo wanaosema timu hii inaua ushindani kwa pesa zake na Roberts ni abiria tu kwenye basi la kifahari. Ukiifuatilia safari yake tangu akiwa mchezaji, unakuta hoja hiyo ina ukweli nusu. Nusu nyingine ipo kwenye benchi.

KAZI YA MENEJA

Kwanza tuwekane sawa. Kwenye besiboli kocha mkuu anaitwa meneja. Usimchanganye na meneja wa timu tuliyemzoea huku kwetu, yule anayehangaika na hoteli na vibali. Huyu ndiye anapanga kikosi, ndiye anafanya mabadiliko, na anavaa jezi kama wachezaji wake.

Mchezo wenyewe haujashika sana ukanda wetu, ingawa majirani zetu Uganda walipeleka timu ya watoto kwenye Little League World Series mwaka 2012. Kwa ufupi, mechi haina dakika 90. Ina awamu tisa, na kila awamu timu zote mbili zinapata zamu ya kupiga. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi nyumbani pale alipoanzia. Akifika, ni pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Wakitoshana nguvu baada ya awamu tisa, zinaongezwa nyingine hadi apatikane mbabe.

Sasa sikia ugumu wa meneja. Msimu wa kawaida una mechi 162 ndani ya miezi sita tu, yaani unacheza karibu kila siku. Mchezaji akitoka harudi tena kwenye mechi hiyo. Halafu mrushaji, ambaye ndiye mtu muhimu kuliko wote uwanjani, anachoka na mkono, na wapigaji wakishamuona mara mbili au tatu wanaanza kumsoma. Lini umtoe? Ukimtoa mapema, anayeingia anaweza kuharibu. Ukichelewa, unalia.

Kwenye soka kocha anaweza kufanya sabu mbovu na timu ikashinda, watu wakasahau. Kwenye besiboli sabu ya mrushaji hupimwa papo hapo, mpira unaofuata tu, mbele ya uwanja mzima. Ndiyo maana Roberts amezomewa sana hata akiwa anashinda.

MTOTO WA OKINAWA

Roberts alizaliwa Mei 31, 1972 huko Naha, kisiwani Okinawa, Japani. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, askari wa kikosi cha wanamaji, na mama yake ni Mjapani. Akakulia California na kusoma Chuo Kikuu cha UCLA.

Hakuwa lulu. Mwaka 1994 Detroit Tigers walimchagua kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi, raundi ya 28. Hebu fikiria, timu zote zimeshachagua mara 27 kila moja, ndipo jina lako linasomwa. Wengi wa raundi hizo huwa hawaonekani kabisa ligi kuu. Yeye alisota ligi za chini hadi Agosti 1999, akiwa na miaka 27, ndipo akaitwa timu kubwa ya Cleveland.

Akacheza misimu kumi katika timu tano: Cleveland, Dodgers, Boston Red Sox, San Diego Padres na San Francisco Giants. Katika muda wote huo aliupiga mpira nje ya uzio mara 23 tu, idadi ambayo wapigaji hatari wanaimaliza ndani ya msimu mmoja. Alichokuwa nacho ni miguu. Aliiba vituo mara 243. Kuiba kituo ni pale mkimbiaji anapochomoka kwenda kituo kinachofuata wakati mrushaji anatupa mpira, bila kusubiri mwenzake apige. Akichelewa nusu sekunde, ametolewa.

Alipokuwa Dodgers alifundwa sanaa hiyo na Maury Wills, gwiji wa klabu hiyo aliyewahi kuiba vituo 104 katika msimu mmoja wa 1962. Roberts amesimulia mara nyingi kwamba mzee huyo alimwambia itafika siku uwanja mzima utajua kwamba anakwenda kuiba, na siku hiyo asiogope.

USIKU WA FENWAY

Siku yenyewe ilikuwa Oktoba 17, 2004. Roberts alikuwa ameuzwa Boston siku ya mwisho ya dirisha, Julai 31. Boston walikuwa hawajabeba taji tangu 1918, miaka 86 ya ukame. Na wabaya wao wakubwa, Yankees, walikuwa wanaongoza 3-0 kwenye nusu fainali ya mechi saba. Mechi ya tatu Boston walikuwa wamepigwa 19-8 wakiwa nyumbani. Katika historia hakuna timu iliyokuwa imewahi kupindua matokeo ya 3-0.

Mechi ya nne, awamu ya tisa, Yankees wanaongoza 4-3. Anayerusha ni Mariano Rivera, fundi kuliko wote wa kufunga mechi. Kevin Millar akapata kituo cha kwanza bure baada ya Rivera kukosa shabaha. Roberts akaitwa kutoka benchi kuja kukimbia badala yake. Hakuja kupiga. Kazi yake ilikuwa moja.

Kila mtu Fenway Park alijua. Rivera alijua, akarusha mpira kituo cha kwanza mara tatu kumrudisha. Mara ya nne akamrushia mpigaji, na Roberts akachomoka. Mdakaji Jorge Posada akautupa vizuri kabisa kituo cha pili, Derek Jeter akaudaka na kumgusa, lakini mkono wa Roberts ulikuwa umeshafika. Bill Mueller akapiga, Roberts akarudi nyumbani, 4-4. Boston wakashinda 6-4 awamu ya 12. Wakashinda na tatu zilizofuata, wakaenda kubeba World Series.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Katika mtoano wote ule Roberts hakushika gongo hata mara moja. Kwenye fainali yenyewe hakucheza hata sekunde. Lakini ukienda Boston leo, ule wizi wa kituo bado unaitwa kwa kifupi "wizi" na kila mtu anaelewa ni upi.

Mtu aliyepitia hapo anajua vitu viwili ambavyo staa wa kikosi cha kwanza anaweza asivijue. Anajua ubaridi wa kukaa benchi siku tisa kisha kuitwa dakika ya kufa au kupona. Na anajua kwamba yule wa mwisho kwenye orodha anaweza kuamua ubingwa, kama tu kocha atakumbuka kwamba yupo na atakuwa amemuweka tayari.

FIMBO MOJA TU YA ALSTON

Kwenye soka tunabishana kila siku kama kocha lazima awe alicheza kwa kiwango kikubwa. Historia ya Dodgers inajibu kwa namna ya kuchekesha.

Kocha wao mwenye mataji mengi ni Walter Alston, aliyebeba manne: 1955, 1959, 1963 na 1965. Alston kama mchezaji wa ligi kuu alicheza mechi moja, mwaka 1936. Akashika gongo mara moja. Akaukosa mpira, akatolewa. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote ya uchezaji katika ngazi hiyo.

Aliyemfuata ni Tommy Lasorda, mwenye mataji mawili ya 1981 na 1988. Huyu alikuwa mrushaji. Rekodi yake ligi kuu: mechi alizohesabiwa ushindi, sifuri. Alizohesabiwa kupoteza, nne.

Upande wa pili yupo Frank Robinson, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea, aliyepiga mipira 586 nje ya uzio. Mwaka 1975 alikuwa meneja wa kwanza mweusi katika ligi hiyo, jambo ambalo heshima yake haifutiki. Lakini katika misimu yote aliyofundisha, katika timu mbalimbali, hakuwahi kufika mtoano.

Siyo sheria ya kudumu. Joe Torre, aliyebeba manne na Yankees, alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1971. Lakini ukiangalia vizuri unaona kwamba mchezaji wa kawaida analazimika kuusoma mchezo ili aishi. Staa anaucheza kwa kipaji, kisha anapata tabu kumuelezea asiye na kipaji hicho. Roberts aliishi ligi kuu kwa kusoma bega la mrushaji na kuhesabu hatua zake. Hiyo tayari ni kazi ya ukocha.

SARATANI NA MECHI MOJA

Alipostaafu hakupewa timu mezani. Mwaka 2010, akiwa na Padres, aligundulika kuwa na saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Akatibiwa, akapona, na 2011 akaanza kazi ya kocha wa kituo cha kwanza, yule anayesimama pembeni kumuelekeza mkimbiaji. Mwaka 2014 akapanda kuwa msaidizi wa meneja.

Juni 2015 Padres walimtimua meneja Bud Black, wakamkabidhi Roberts timu kwa mechi moja. Akapigwa. Kesho yake wakamleta mtu mwingine. Miezi mitano baadaye Dodgers, klabu kubwa ya kanda hiyo, wakampa ajira kamili. Akawa meneja wa kwanza asiye mzungu katika klabu hiyo hiyo iliyovunja ubaguzi kwa kumchezesha Jackie Robinson mwaka 1947.

Msimu wa kwanza, 2016, alitajwa meneja bora wa Ligi ya Taifa. Ungedhani mambo yamenyooka.

KUTI KAVU

Hapo ndipo presha ilipoanza. Mwaka 2017 akashinda mechi 104, akafika fainali, akapoteza mechi ya saba nyumbani mbele ya Houston Astros. Baadaye, Januari 2020, ligi ikathibitisha kuwa Astros mwaka ule walikuwa wanaiba ishara za wapinzani kwa kutumia kamera. Taji halikurudishwa.

Mwaka 2018 akafika fainali tena, safari hii dhidi ya Boston, timu ile ile iliyomfanya shujaa. Mechi ya nne anaongoza 4-0, mrushaji wake Rich Hill ameruhusu pigo moja tu. Roberts akamtoa awamu ya saba. Boston wakapindua, wakashinda 9-6. Hata Donald Trump, akiwa rais wa nchi, alituma ujumbe Twitter kuponda sabu hiyo. Fikiria wewe ni kocha, unalaumiwa na jirani, na mashabiki, na rais.

Mwaka 2019 akakosea upande mwingine. Mechi ya kufa au kupona dhidi ya Washington Nationals, anaongoza 3-1, akamwacha Clayton Kershaw aendelee awamu ya nane. Anthony Rendon akaupiga nje ya uzio. Mpira uliofuata tu, Juan Soto naye nje. 3-3. Awamu ya kumi wakapigwa pigo la pointi nne, safari imekwisha. Msimu huo walikuwa wameshinda mechi 106.

Mwaka 2020, ule wa janga la korona, akabeba taji lake la kwanza. Na kuna kejeli ndani yake. Mechi ya sita Tampa Bay Rays walikuwa wanaongoza 1-0 na mrushaji wao Blake Snell alikuwa hashikiki. Kocha wao Kevin Cash akamtoa baada ya mipira 73. Dodgers wakapata pumzi, wakashinda 3-1. Roberts aliyelaumiwa kwa kutoa warushaji mapema akabeba kombe kwa sababu mwenzake alimtoa mrushaji mapema. Wabaya wake wakasema msimu ulikuwa wa mechi 60 tu, taji nusu.

Mwaka 2022 akajitia kitanzi mwenyewe. Kabla ya msimu alitamka hadharani kwamba watabeba ubingwa. Wakashinda mechi 111, nyingi kuliko msimu wowote katika historia ya klabu, kisha wakatolewa na Padres raundi yao ya kwanza. Mwaka 2023 wakashinda 100, wakatolewa na Arizona Diamondbacks 3-0. Mashabiki wakachachamaa. Kila Oktoba wimbo ulikuwa mmoja, kibarua kiote nyasi.

KWA NINI HAKUTIMULIWA

Huku kwetu kocha akipoteza dabi moja anaanza kutafutiwa tiketi ya ndege. Dodgers wana pesa za kubadilisha kocha kila mwaka kama wangetaka. Hawakufanya hivyo.

Sababu ya kwanza ni jinsi bosi wa ufundi, Andrew Friedman, anavyousoma mchezo. Mechi 162 zinakuambia ukweli kuhusu timu. Mtoano wa mechi tano unaweza kukudanganya, maana wapigaji wawili wakipoa kwa wiki moja tu, umekwisha. Katika misimu yote Roberts anashinda zaidi ya asilimia 60 ya mechi zake, kiwango ambacho ni mameneja wachache sana wamewahi kukifikia. Klabu ikaona kumfukuza mtu huyo kwa sababu ya wiki moja ya Oktoba ni kujipiga risasi mguuni.

Sababu ya pili ni kwamba lawama nyingi hazikuwa zake peke yake. Klabu za leo zina chumba kizima cha wataalamu wa takwimu. Wapinzani wa Roberts walisema anasoma tu karatasi aliyoandikiwa. Aprili 2016, akiwa kazini wiki ya kwanza, alimtoa kijana Ross Stripling aliyekuwa hajaruhusu pigo hata moja katika mechi yake ya kwanza ligi kuu, kwa sababu alikuwa amefikisha mipira 100 na aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kiwiko. Aprili 2022 akamtoa Kershaw aliyekuwa amekamilisha awamu saba bila mpinzani yeyote kufika kituoni. Mechi kamili ya namna hiyo hazijafika hata 30 katika historia yote ya ligi. Mashabiki walitaka historia, yeye alikuwa anafikiria mkono utakaohitajika Oktoba.

Lakini hoja ya karatasi ilianza kufa mwaka 2024. Warushaji wake walikuwa majeruhi karibu wote. Dhidi ya Padres walikuwa nyuma 2-1, wakipoteza tena wamekwenda nyumbani, na minong'ono ya kumtimua ilikuwa imeshaanza. Roberts akatumia warushaji wanane katika mechi moja, kila mmoja kipande chake, wakashinda 8-0. Mechi ya tano wakashinda 2-0. Kwenye fainali wakaifunga Yankees 4-1, na aliyefunga mlango mechi ya mwisho alikuwa Walker Buehler, mrushaji wa kuanza mechi aliyegeuzwa kuwa wa dharura.

Angalia hesabu hizi. Dodgers ya mechi 111 ilitoka kapa. Ya 106, mara mbili, kapa. Ya 2024 iliyobeba kombe ilishinda 98, na ya 2025 ilishinda 93. Timu zake zilizokuwa na matatizo ndizo zilizobeba. Hilo peke yake linapaswa kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kusema kazi yake ni kupiga makofi.

USIKU WA TORONTO

Turudi kwenye fainali ya 2025. Warushaji wa akiba wa Dodgers walikuwa wanavuja kama paa la nyasi. Roberts, mtu wa kutoa mapema, akabadilika. Alimwacha Yoshinobu Yamamoto amalize mechi nzima dhidi ya Milwaukee, kisha akamwacha amalize nyingine nzima Toronto. Mechi mbili kamili mfululizo za mtoano, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu 2001.

Mechi ya tatu ilikwenda awamu 18, karibu saa saba. Mtu aliyeiokoa alikuwa Will Klein, mrushaji wa mwisho kabisa kwenye benchi, ambaye wengi hata jina lake hawakulijua. Alirusha awamu nne bila kuruhusu pointi hadi Freddie Freeman akaupiga nje, 6-5.

Wakiwa nyuma 3-2 kwenye fainali, Roberts akamuingiza kikosini Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 ambaye hakuwa amepiga kitu kwa wiki kadhaa. Watu wakashangaa. Mechi ya sita ikaisha kwa Kiké Hernández kudaka mpira na kumrushia Rojas aliyemtoa mkimbiaji kituo cha pili. Mechi ya saba, awamu ya tisa, Dodgers nyuma 4-3, wamebakiza watu wawili tu kutolewa, Rojas huyo huyo akaupiga nje ya uzio. 4-4.

Toronto wakaja juu. Vituo vyote vitatu vimejaa, aliyetolewa ni mmoja tu. Pigo lolote dogo, kombe linabaki Kanada. Roberts akamuingiza Andy Pages, kijana aliyekuwa ameondolewa kikosi cha kwanza kwa sababu gongo lake lilikuwa limekufa, lakini ana mkono wenye nguvu wa kurusha kutoka mbali. Mpira uliofuata ukaenda kwa Rojas, akateleza kidogo, akaurusha nyumbani kwa wakati. Ukafuata wa juu kuelekea ukuta. Pages akakimbia, akamgonga Hernández, akadondoka naye huku mpira uko mkononi.

Anayerusha wakati huo alikuwa Yamamoto, aliyekuwa amerusha mipira 96 usiku uliotangulia. Kabla yake alikuwa amesimama pale Snell, yule yule aliyetolewa mapema na Cash mwaka 2020. Will Smith akaupiga nje awamu ya 11, na Yamamoto akafunga mlango.

Rojas, Pages, Klein. Hakuna kati yao anayetajwa pale watu wanaposema Dodgers wamenunua ubingwa. Shohei Ohtani mwenye mkataba wa dola milioni 700 alianza kurusha mechi ile ya saba, akaruhusu pigo la pointi tatu, akatolewa awamu ya tatu.

Sisemi Roberts aliwaita wale watu kwa sababu ya kumbukumbu za Fenway. Ninachosema ni kwamba walipoitwa walikuwa tayari, na wachezaji wa akiba hawawi tayari kwa bahati. Mtu anayefundishwa na kocha aliyewahi kuamua historia bila kushika gongo ana sababu ya kuendelea kupasha misuli hata siku ambayo jina lake halipo.

MKWANJA UNA NAFASI YAKE

Tusidanganyane, pesa ni kubwa. Mishahara ya Dodgers mwaka 2025 ilizidi dola milioni 300, juu yake wakalipa kodi ya anasa kwa ligi. Kuna timu kama Miami Marlins ambazo hazikufika hata milioni 100. Bila mkwanja huo Ohtani, Yamamoto, Freeman na Snell hawawezi kuwa chumba kimoja.

Lakini New York Mets nao walitumia zaidi ya milioni 300 mwaka huo huo, wakiwa na Soto wa mkataba wa milioni 765. Hawakufika hata mtoano. Pesa inakupeleka mlangoni, ufunguo anao mtu mwingine.

Roberts mwenyewe hakwepi mjadala huu. Dodgers walipotinga fainali ya 2025 alishika kipaza sauti akawaambia mashabiki kwamba watu wanasema timu yao inaharibu besiboli, basi washinde nne zaidi waiharibu kwelikweli. Uwanja ukalipuka. Wamiliki wa timu nyingine hawakucheka.

Na hapo ndipo kuna jambo zito. Mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba Mosi, 2026. Besiboli ndiyo ligi pekee kati ya nne kubwa za Marekani isiyo na ukomo wa mishahara ya timu. Wapo wamiliki wanaoutaka, na mfano wao wa kwanza ni Dodgers. Wachezaji hawataki kusikia. Mwaka 1994 mgogoro kama huo ulisababisha mgomo na World Series haikuchezwa kabisa. Mara ya mwisho, kuanzia Desemba 2021, milango ilifungwa siku 99.

Kwa hiyo kila ushindi wa Roberts msimu huu unasomwa mara mbili. Mashabiki wake wanaona historia. Wabaya wao wanaona ushahidi wa kupeleka mezani. Akibeba tena, watasema mnaona, pesa. Akishindwa, watasema mnaona, hata na pesa zote zile ameshindwa. Kocha wa timu tajiri hana njia ya kushinda mjadala huo, anaweza tu kushinda mechi.

Klabu yenyewe imeshatoa jibu lake. Machi 2025 walimpa mkataba mpya wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 32.4, wastani mkubwa kuliko wa meneja yeyote. Ni milioni 8.1 kwa mwaka. Ukizigawa zile za Ohtani kwa miaka kumi unapata 70 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya soko kwa mtu anayeamua nani akae na nani aingie.

Akibeba la tatu mfululizo atakuwa amefanya kitu ambacho hakijafanyika tangu Yankees ya Torre. Pia atafikisha mataji manne na kuwa sawa na Walter Alston, yule wa mechi moja na fimbo moja iliyokosa mpira.